Siku Mzee Maganga Alipoacha Kututukana

Misugusugu, baada ya magharibi

Mwajabu mwanangu,

Begi lako liko mlangoni tangu alasiri na kila anayepita analikanyaga. Mimi nimeshajikwaa nikalisonya, kana kwamba lenyewe ndilo lililoamua kuondoka. Mama yako amemaliza maagizo ya chandarua, sabuni na viatu vya matope, na amekukumbusha usitoke na nywele mbichi kwenye baridi ya Kisarawe. Hapo sina la kuongeza. Nimejifungia kwenye kibanda changu cha kazi, katikati ya makochi ya watu yaliyovuliwa vitambaa, nimekalia sponji jipya ambalo bado sijalikata. Taa ni moja tu. Vumbi la sponji linaelea mbele yake polepole, halishuki wala halipandi, nami nimeliangalia kitambo kabla ya kuandika neno la kwanza.

Tumenuniana wiki hii, wewe na mimi, na sote wawili ni hodari wa kununa. Uliposema umepata kazi ya uhudumu kwenye nyumba ya wazee Kisarawe, nilifurahi mpaka ulipotaja ni nyumba ipi. Ni ile ile aliyokaa bibi yako. Nikasema huendi. Hukubishana. Ukaniangalia kwa ule utulivu wa bibi yako ambao siku zote unanitoa jasho, ukasema, "Baba, bibi ulimtoa. Mzee Maganga nani atamtoa?"

Nikaondoka nikaacha wali wangu sahanini. Mama yako akadhani nimekasirika, na ni kweli nilikasirika, lakini zaidi niliona aibu. Sasa naandika ujue kwa nini nilisema huendi, na kwa nini kesho begi hili nitalibeba mwenyewe mpaka stendi. Yule mzee bado yumo mle. Kuanzia kesho uji wake utampelekea wewe, na mimi nina haja naye ambayo siwezi kuitimiza bila wewe.

Unakumbuka Kisarawe ya bibi yako? Mimi naikumbuka zaidi nikiwa nusu usingizini, gundi inapokauka nami nimeegemea kochi la mtu. Naona ukungu wa asubuhi ukishuka kutoka msituni, unapita juu ya mihogo, unaingia jikoni kwa mama bila hodi. Mama anaupungia mkono kama anafukuza kuku. Naamka nasikia malori ya barabara kuu na sijui kwa muda kidogo niko wapi wala nina umri gani.

Alipopigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikafa, tulimleta hapa. Hakukaa. Alisema malori yanapita juu ya kifua chake usiku kucha, na kwamba hewa ya Kibaha imetumika tayari. Alitaka kilima chake. Shangazi yako Pili, aliye kule Kisarawe, magoti yalikuwa yanamsumbua, hawezi kumnyanyua mtu. Ndipo tukasikia habari za ile nyumba. Ilikuwa mteremkoni, ina baraza refu na maua kwenye makopo, na kutoka barazani mama angeweza kuuona ukungu wake. Meneja alitushika mikono kwa mikono yake yote miwili akatuambia hapo ni nyumbani. Nilimwamini, na hata leo sioni kwamba nilikuwa mjinga kumwamini. Nilimshonea mama godoro kwa mikono yangu, sponji nene ya juu kabisa, kitambaa cha maua ya bluu, pembe zote nimezipiga uzi mara mbili. Sijawahi kushona kitu kwa upendo kama lile godoro.

Sasa nikueleze tulivyokuwa tunamtembelea, kwa sababu ubaya wote ulijificha ndani ya adabu yetu. Sisi hatuendi kwa mtu kwa kumshtukiza. Shangazi Pili alikuwa anapiga simu jana yake: kesho tunakuja kumwona mama. Asubuhi tunavaa, mimi kanzu, yeye khanga mpya, tunanunua juisi na machungwa, tunakwenda kama ujumbe wa posa. Tunakaribishwa sebuleni, tunaletewa soda. Tukimaliza nusu ya soda, mama analetwa kwenye kiti cha magurudumu, ameoga, khanga imepigwa pasi, marashi yanatangulia. Tukitaka kuona chumba tunaonyeshwa chumba, na kitandani liko godoro langu, maua ya bluu yamenyooshwa bila mkunjo. Tulikuwa tunarudi tumeshiba heshima. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba mgeni aliyetoa taarifa anaona alichoandaliwa.

Mmoja tu mle ndani alikuwa hana adabu, naye ni Mzee Maganga.

Wewe ulimpenda tangu siku ya kwanza. Mnyamwezi mrefu, mweusi tii, aliyekuja Pwani kijana kufanya kazi ya reli akabaki mpaka nguvu zikamwisha, bila mke wala mtoto wa kumfuata. Aliposikia mama ni Mzaramo alifurahi kama mtu aliyeokota nduguye. Mtani wake amepatikana. Alikuwa anajikongoja na fimbo yake mpaka sebuleni bila kuitwa, anasimama mbele yetu anaanza. Wazaramo ninyi mmeuza mashamba yote mkacheza ngoma za mwali, sasa mmebakiwa na mama huyu mmoja naye mmekuja kumwuza hapa. Mama alikuwa anacheka kwa nusu ya mdomo inayocheka, na kwa ulimi wake mzito anamjibu kwamba babu zake walikuja Pwani wamebeba mizigo kichwani, ndiyo maana vichwa vyao havijai kitu kingine. Tulicheka mpaka soda zinamwagika. Niliona mama amepata mwenzake, na moyo wangu ukatulia.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo ninapoumia. Siku moja Mzee Maganga alisema, leo mmemwosha ndugu yenu kwa sababu ya wageni, juzi alikuwa ananuka hata nzi walihama chumba. Tukacheka. Siku nyingine akasema Wazaramo mnaleta juisi, mwenzenu hapa maji anayaona ndotoni. Tukacheka, na shangazi yako akasema Mnyamwezi huyu ana maneno. Halafu akasema lile godoro la maua ni la maonyesho, mama yenu analitazama tu kama bibi harusi wa mwenzie. Mimi mwenyewe nilimjibu kwamba Mnyamwezi atajuaje habari za godoro, amezoea kulalia mzigo. Nikajiona nimemweza.

Alikuwa anatuambia. Alikuwa anapaza sauti mbele ya kila mtu, kwa njia pekee ambayo mtu mzima asiye ndugu yetu angeweza kutuambia jambo kama lile bila kuvunja heshima yetu. Sisi tulikuwa tunapiga makofi. Meneja naye alikuwa amesimama mlangoni anacheka pamoja nasi.

Halafu ikaja ile siku nyingine uliyofuatana nasi, ukiwa kidato cha pili. Mzee Maganga hakuja sebuleni. Tulimkuta mwisho wa baraza, amefunikwa shuka mapajani, mikono iko chini ya shuka. Mimi nilikuwa nimeshaandaa tusi langu njia nzima. Nikamwambia, wewe Mnyamwezi, bado hujafa tu? Akainua macho, akamtazama meneja kwanza, ndipo akanitazama mimi. "Karibuni sana wageni wetu," akasema. "Hapa tunatunzwa vizuri."

Nikafurahi, Mwajabu. Nilimwambia shangazi yako kwamba hatimaye uzee umemfunza adabu. Tukaaga tukaondoka. Wewe ulikuwa umekaa dirishani, na tulipokuwa tunapita Picha ya Ndege ukauliza, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe, "Baba, mbona leo hakututukana?" Nikakwambia waache watu wakue. Tulipofika Kongowe ukaongeza kwamba mikono yake alikuwa ameificha.

Sikulala vizuri. Nilipopitiwa na usingizi niliota kochi refu sana, limevikwa kitambaa changu cha bluu, linaanzia kilimani Kisarawe linashuka mpaka hapa kwetu. Watu wamelikalia, wamependeza, wanakunywa soda. Mimi nikapitisha mkono chini ya kitambaa, kama ninavyofanya nikikagua kazi ya fundi mwingine, na ndani hapakuwa na sponji. Palikuwa na nyasi mbichi za baridi, na kwenye nyasi mkono wa mtu ukanishika. Nilikurupuka. Niliswali alfajiri, sikumpigia simu shangazi yako, sikuvaa kanzu, nikatoka na nguo za kazi zilizojaa gundi.

Nilifika ukungu bado umelalia mteremko, nyumba inaonekana nusu, kama kitu ambacho mtu hajamaliza kukikumbuka. Nilizunguka upande wa jikoni. Nikapiga hodi kidogo, hakuna aliyeitika, nikaingia. Harufu ilinipokea kabla ya mtu. Godoro langu nililikuta stoo, mlango uko wazi, limesimamishwa ukutani limevikwa nailoni, safi, linasubiri wageni. Mama alikuwa amelala chumbani kwake juu ya kigodoro chembamba kilicholowa, gauni si lake. Kando yake palikuwa na kistuli, na juu ya kistuli kikombe cha maji kimejaa pomoni. Kistuli kilikuwa upande wa kulia, upande wa mkono wake uliokufa. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Nilikiangalia kile kikombe muda mrefu. Aliyekiweka pale angeweza kuapa kwamba maji alimpa, na asingekuwa amesema uongo. Chuoni wamekufundisha vidonda vya kulalia, kwa hiyo sitakueleza nilichokiona nilipomgeuza. Lakini kikombe kile sijui kama wamekufundisha. Ukiingia chumba cha mzee yeyote, kabla hujamsalimia, angalia maji yako wapi na mkono wake mzima uko wapi.

Mama akafumbua macho, akaniuliza kama nimekuja peke yangu. Nikasema ndiyo. Ndipo akalia. Kumbe miezi yote ile alikuwa anasubiri nije bila soda na bila meneja, na mimi nilikuwa nimejaza kila ziara watu. Mzee hasemi mbele ya mtu atakayebaki naye usiku, Mwajabu. Ukitaka kujua jambo, mfuate akiwa peke yake, kaa chini, usimharakishe.

Mzee Maganga alikuwa ukumbini, kwenye kiti cha mbao, mkono wa kushoto umefungwa kwenye kiti kwa kipande cha khanga. Wa kulia ulikuwa umevimba kifundoni, umekaa upande. Alinitazama tu. Akaja mhudumu mmoja, binti wa rika lako la sasa, ana beseni mikononi. Aliponiona aliweka beseni chini akakaa sakafuni. Alikuwa peke yake tangu jana, mwenzake ameacha kazi, wazee wote ni wake. Alimfunga mzee ili asianguke, akasema, na nilimwamini. Nikamwuliza na ule mkono mwingine? Akatazama mlango wa ofisi, akaninong'oneza kwamba mzee alikuwa anaongea sana mbele ya wageni, na bosi alimwonya mara nyingi.

Binti yule ndiye niliyemwogopea nilipokwambia huendi. Hakuwa katili. Alikuwa na sauti ya upole, na beseni lile lilikuwa na maji ya moto, alikuwa anakuja kumwosha mama. Alianza kazi, aliniambia, akiwa analia kila jioni. Baadaye machozi yakakauka, akaanza kuhesabu mashuka badala ya watu. Alikuwa amezoea. Mimi sikuogopa kwamba watakupiga au watakutesa. Niliogopa kwamba siku moja utapita karibu na kikombe kilichowekwa upande mbaya, umechoka, miguu inauma, na hutakiona.

Nilikuwa na hasira ya kuvunja mtu shingo, na unajua nikikasirika nilivyo. Nilimfuata meneja ofisini nikamkunja shati. Hakupigana. Alisubiri mpaka mikono yangu ikalegea, akaniletea soda, akaniambia maneno ambayo nimeyasikia maisha yangu yote. "Mzee mwenzangu, tuyamalize kiutu uzima."

Shangazi yako akaitwa, akaja na wazee wawili wa mtaa. Unajua tunavyofanya. Ng'ombe akila mahindi, kijana akimpa binti wa watu mimba, mwalimu akimpiga mtoto kupita kiasi, tunatandika mkeka, mkosaji anaomba radhi, tunapeana mikono, dua inasomwa, na jambo linakufa. Ni desturi nzuri, imenisaidia mara nyingi na majirani. Shangazi yako aliogopa watu watasema Wazaramo wamemtupa mama yao mpaka akaota vidonda. Mimi niliogopa hivyo hivyo. Meneja akaomba radhi huku ameinamisha kichwa. Nikampa mkono.

Nilisamehe kidonda cha mama yangu, na sijui nani alinipa ruhusa hiyo. Nilisamehe na mkono wa Mzee Maganga pia, uliovunjika kwa ajili yetu, naye yuko hatua chache tu kutoka kwenye mkeka, hakuna aliyemwuliza. Tulipokuwa tunambeba mama kumtoa, tulipita mbele ya kiti chake. Tayari walikuwa wamemfungua. Nilitaka anitukane. Nilipunguza mwendo kwa makusudi. Akasema safari njema.

Miezi ile mama aliyolala chumba chako unaikumbuka, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unamgeuza usiku. Nilimkatia vipande vya sponji vya kila umbo, vya kisigino, vya nyonga, vya mgongoni, nyumba ikawa kama duka. Kidonda kikaanza kufunga. Malori hakuyalalamikia tena. Lakini kila nilipomwekea sahani aliuliza swali moja: mtani wangu amekula? Nilikuwa namjibu ndiyo, amekula. Siku moja nilipojibu alinitazama sana, akageuza uso ukutani, akakataa uji. Nilibaki na kijiko mkononi. Nilijiona mwongo kuliko yule meneja.

Ndipo nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa alikuwa mama mmoja mwenye miwani, akanisikiliza mpaka mwisho akiandika. Akaniuliza nilivyoona, nilivyosikia kwa wengine na ninavyodhani, kila kimoja peke yake, na akanionya nisivichanganye. Halafu akauliza kwa nini sikuja siku ile ile, wakati kidonda kibichi na godoro liko stoo. Nikamweleza habari ya mkeka. Watu wa ofisi yake walikwenda bila kupiga simu, wakiwa na daktari na polisi. Yule binti mhudumu alisema yote, nadhani alikuwa anasubiri aulizwe tu. Meneja akachukuliwa hatua, nyumba ikapewa wasimamizi wengine, na watu wanasema sasa ni pazuri. Huenda ni kweli. Mimi bado naingilia jikoni.

Mkono wa Mzee Maganga ulikuwa umeshaunga vibaya. Nilikwenda kumwomba aje akae nasi, mama yako alikubali bila kufikiri. Alinishukuru, akasema anaona ni bora abaki alipozoea, asitusumbue. Alisema kwa Kiswahili kizuri cha mtu anayezungumza na ofisi. Tangu hapo nimekwenda mara nyingi. Namtukana, namwita mbeba mizigo, namwuliza kama Tabora wanajua amepotea. Ananijibu, ahsante bwana, nashukuru kwa kunitembelea.

Na kwenye mazishi ya bibi yako ulikuwepo. Alifia mikononi mwetu, msafi, amekunywa maji, na hilo linanifariji kuliko dua zote. Tulimrudisha kilimani kwake. Mzee Maganga tulimfuata kwa gari tukampa nafasi ya mtani. Watu wote walikuwa wanamsubiri. Mtani wake kafa. Ilikuwa haki yake kulala juu ya jeneza, kuzuia kaburi, kusema hazikwi mpaka Wazaramo walipe, kumwita mama majina yote mabaya mpaka wafiwa wacheke ndani ya msiba. Alikaa kwenye mkeka miguu ameikunja. Akasema poleni sana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka makaburini, na mama akaingia ardhini kimya kama mtu asiye na mtani. Nililia siku ile, nawe uliniona. Ulidhani namlilia mama peke yake.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Sikuzuii tena. Nimeelewa kwamba wewe ndiye uliyesikia kimya chake sisi tukiwa tunasifia adabu, na mwenye sikio hilo sina haki ya kumweka nyumbani. Ukiona jambo, mwambie mkubwa wako wa kazi siku hiyo hiyo, na uandike ulichokiona na si ulichokisia. Akikwambia tuyamalize kiutu uzima, mwitikie kwa heshima, halafu uende ustawi wa jamii. Wakikununia, nuna nawe, kipaji unacho. Ukichoka mpaka unawakasirikia wazee, sema umechoka kabla mikono yako haijasema, na uje ulale hapa kwetu hata siku mbili. Sitakuuliza kitu, nitakutandikia sponji jipya.

Kuhusu Mzee Maganga sikutumi umwombe radhi kwa niaba yangu. Nilishamwomba. Alinisamehe haraka mno, kama anayemsamehe mtu anayemwogopa, na msamaha ule sijaupokea mpaka leo. Wewe mletee uji tu. Mwambie wewe ni mjukuu wa Bi Tatu. Mtanie, wala usikasirike akikujibu kwa upole, mtanie tena kesho yake. Usimlazimishe. Itachukua muda wake, huenda wakati huo usifike kabisa.

Lakini ikitokea siku moja umeingia na bakuli, akakutazama juu mpaka chini, akasema uji huu umepikwa na Mzaramo maana una usingizi ndani yake, au lolote baya kuliko hilo, usimjibu kitu kirefu. Toka nje unipigie simu, hata kama ni saa ngapi. Niambie alivyosema, neno kwa neno. Nitapanda gari la kwanza, nitakuja na nguo zangu za kazi, nitasimama mbele ya kiti chake nitukanwe mimi na ukoo wangu mzima, na sitaondoka mpaka amalize.

Ni mimi baba yako, nikuombeaye usiku huu na kila usiku.